Njaa haina matanga

Kila mtu wa Bukavu anajua namna mambo yanavyokwenda mtu akifariki kwenye avenyu. Kabla jua halijazama, turubai limekwisha kufungwa, viti vimekusanywa toka nyumba zote, wamama wanapika, vijana wanatafuta kuni, na daftari la michango linazunguka mkono kwa mkono. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa anachangia wengine. Hakuna anayeuliza kama alikuwa mvivu. Amekufa, basi tunakuja.

Lakini tumekwisha kuona, zaidi ya mara moja, mtu akizikwa kwa feza ambazo zingemlisha miezi mingi alipokuwa angali mzima. Hapo ndipo swali letu linaanzia: kwa nini mkono wetu ni mwepesi mbele ya kifo, na mzito mbele ya njaa?

Wengine watajibu haraka kwamba wazee wetu walikuwa wanasaidiana, ni sisi wa leo tulioharibika. Jibu hilo si la kweli lote. Tuangalie desturi yenyewe. Kule Walungu ao Kabare, kikundi kinakwenda kulima shamba la mmoja wao, kesho la mwengine. Mwenye shamba anaweka chakula na kasiksi. Ni desturi nzuri, imelisha jamaa nyingi. Lakini ni kubadilishana: leo jembe langu kwako, kesho jembe lako kwangu. Likelemba ya sokoni inafwata njia ileile: unatoa, kisha zamu yako inafika. Mgonjwa, mjane mzee, mkimbizi aliyeacha shamba lake nyuma, hao hawana la kurudisha. Wahenga hawakuficha: mkono mtupu haulambwi. Ni kusema, desturi hiyo inamfikia maskini, lakini inaishia mlangoni pa aliye maskini kuliko wote.

Tena tuko na sababu ya kushikamana na kubadilishana. Wakubwa walitumia vibaya kazi ya pamoja. Wabelgiji walilazimisha vijiji kulima mazao waliyoyataka wao, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Katika miaka ya 1970 Mobutu akaleta salongo, nayo ilikuwa ya lazima. Ndiyo maana hata leo ukiita watu kulima shamba la wote, wa kwanza atauliza: "Shamba hilo ni la nani?" Hatuwezi kumlaumu. Kazi ambayo mtu hawezi kuikataa si ya kujitolea. Kubadilishana kunatupendeza kwa sababu hakuna anayelazimishwa wala anayepunjwa.

Basi tufikie muso, shirika dogo la mshikamano ambalo limeenea sana Kivu. Kila muso iko na kisanduku kijani, cha akiba na mikopo: unakopa, unarudisha na faida kidogo. Iko pia na kisanduku chekundu, cha msaada: aliyepatwa na shida anapewa, harudishi. Sisi ni mwandishi wa muso moja ya kartiye yetu. Tulijivunia kuandika vizuri.

Mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu na mabenki yakafungwa, asubuhi moja mwanafunzi wetu wa sekondari alianguka darasani. Tulimuuliza amekula nini. Akajibu kwa sauti ndogo: "Mwalimu, leo haiko zamu yangu." Zamu ya nini? "Ya kula. Leo ni ya badogo."

Tulimjua mama yake. Ni mjane, anauzisha sombe sokoni Kadutu. Alikuwa amepokea watoto watatu wa dada yake waliokimbia, na biashara ilikuwa imelala. Alikuwa memba wa muso yetu. Alikosa kuchanga mara tatu, na kanuni inasema: mara tatu, jina linafutwa. Kalamu iliyofuta jina lake ilikuwa yetu. Hatukuvunja kanuni yoyote, na hilo ndilo lililotuumiza.

Usiku ule tulifungua daftari. Chini ya kisanduku chekundu kuliandikwa: ugonjwa, kifo, kuzaa, moto. Njaa haikuwamo. Tukaelewa. Njaa haina siku, haina kilio, haina turubai. Inaingia polepole, mlango umefungwa, na mwenye nayo anaona haya kuitangaza. Njaa haina matanga.

Tulipoleta neno hili kwenye mkutano, memba mmoja alisema: "Mukianza kulipia njaa, kesho kila mutu atakuwa na njaa." Neno lake lina uzito. Kisanduku ni kidogo, na njaa inaweza kuigizwa, kifo hakiigizwi. Lakini sisi tunaokaa ukuta kwa ukuta tunajua moshi wa nani haupandi. Mwengine akakumbusha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vema! Lakini methali inasema *mpe*. Haisemi umwambie akalitafute.

Tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, neno "njaa" liandikwe. Pili, memba wawili watembelee nyumba yenye shida bila kuitangaza mkutanoni. Tatu, anayesaidiwa abaki memba, na sauti yake ihesabiwe kama ya wengine. Jina la yule mama likarudi. Alipewa unga na maharagi, na feza kidogo ya kurudia sombe. Hatudai kwamba njaa ya kartiye imekwisha. Kisanduku kilikauka mbele ya mwisho wa mwezi.

Tusisahau jambo moja. Sisi walimu tunajua hatari ya msaada usiokuwa na mdomo. Toka miaka ya 1990 wazazi walibeba walimu kwa primu, na Serikali ikazoea. Elimu ya msingi bila malipo ilianza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019 tu. Kwa hiyo tukisaidiana, tusinyamaze: barabara ya kufikisha mavuno, mshahara na amani ni deni la Serikali, na kisanduku chekundu hakiwezi kulilipa.

Lakini mtoto anayengoja zamu yake ya kula hawezi kungoja Serikali. Desturi ya kutoa bila kuhesabu tunayo tayari, tunaifanya kila penye turubai. Kilichobaki ni kuihamisha: toka kwa marehemu, ambaye hali tena, hadi kwa jirani ambaye angali anakula, siku zamu yake ikifika.