Kulala Uwemba, Kushinda Njombe

Alfajiri ya Julai, baridi ya Njombe ikiuma vidole na ukungu ukiwa bado umeilalia mikaratusi, barabara inayotoka Uwemba tayari ina watu. Waendesha bodaboda wamefunga makoti hadi shingoni. Viroba vya viazi vimepanda kwenye keria, na ndani ya Noah mwalimu amebanana na karani na muuza parachichi. Jioni watarudi. Kwenye makaratasi Uwemba ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Njombe. Kwa macho ni mashamba na mabonde. Hata mtambo mdogo wa TANESCO wa umeme wa maji, usiofika megawati moja, uko huku shamba. Sasa mtu anayelala huku na kushinda mjini, ni wa wapi?

Lingekuwa swali la karani wa sensa tu, kama Uwemba isingekuwa na misheni ya Wabenediktini. Watawa hawa wa St. Ottilien, Ujerumani, walioanzisha Peramiho mwaka 1898, huweka nadhiri ambayo mashirika mengi hayana: kudumu na jumuiya moja hadi kufa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inawasema vikali watawa wazururaji, wanaolala siku tatu hapa na nne pale. Kosa lao haliko miguuni. Anayehama kila akikerwa hapati mtu wa kumrekebisha, na kinachomkomaza mtawa ni kuishi miaka arobaini na ndugu yuleyule anayekoroma.

Kwa kipimo hicho, msafiri wa kila siku ana kesi ya kujibu. Huondoka jirani hajafungulia ng'ombe, hurudi giza limeingia. Habari ya msiba humkuta sokoni Njombe. Mchango wake hufika kwa simu kabla yake, lakini kaburi huchimbwa mchana, na jembe halishikwi kwa M-Pesa. Kijijini hakuna daftari la waliokuja kuchimba, ila hakuna anayewasahau.

Hata hivyo yuko mwingine ambaye kesi yake ni nzito zaidi: aliyenunua ekari, akapanda parachichi au misindano, akaweka kijana wa kulinda, kisha akawa anaonekana siku ya mavuno. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate kwanza kibali cha mkutano mkuu kabla ya kugawa ardhi ya kijiji. Maana yake kijiji, machoni pa sheria, ni watu wanaokaa kikao. Karani aliyechoka anaweza kusinzia kwenye benchi la nyuma, lakini yupo, na akiulizwa kuhusu bomba lililokauka atajibu kwa sababu hata kwake halitoi maji. Mwenye misindano hajui kama bomba lipo.

Injili ya Luka, sura ya 10, nayo inamtetea msafiri wa kila siku kwa namna ya ajabu. Mwanasheria anapotaka kujua jirani ni nani, Yesu anamjibu kwa kisa cha barabarani, kati ya Yerusalemu na Yeriko, na wote wanaomkuta majeruhi ni wapita njia. Msamaria hakuhamia pale. Alimfunga majeraha, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa, akaenda zake huku akiahidi kupitia tena. Mahubiri mengi huishia kwenye mafuta na divai, yakaiacha ahadi hiyo ya kurudi.

Mtawa huamua mara moja, mbele ya altare. Huyu wa bodaboda huamua kila jioni, maana chumba cha kupanga Njombe kipo, na nauli inauma.

Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, husali nyumba kwa nyumba. Ya kwake inapokutana jioni, huyu wa bodaboda huingia rozari imeshafika katikati, kofia ya pikipiki mkononi, vumbi kwenye nyusi. Hakuna anayegeuka kumtazama. Mama mmoja anasogea kwenye mkeka.