Ziwa Lenye Mlango wa Siri

Masomo: Mhubiri 1:7, Mithali 11:25, Mathayo 6:1-4

Wiki nzima tumefunga tukimwomba Mungu atujaze. Leo nina swali moja tu: akishakujaza, hayo maji yanaenda wapi?

Mhubiri aliona mito ikiingia baharini na bahari haijai, akajua kwamba maji hurudi yalikotoka ili yapite tena. Hivyo ndivyo Mungu alivyopanga. Mvua inanyesha kule Mau, udongo wa msitu unainywa na kuiweka akiba, kisha chemchemi zinaitoa polepole mpaka mto Njoro. Jua nalo linayainua maji ziwani yawe mawingu tena. Hakuna tone lililoumbwa likae tu.

Sasa tuangalie maziwa mawili tunayoyajua. Ziwa Nakuru linapokea Njoro, Makalia na Nderit. Ziwa Naivasha linapokea Malewa na Gilgil. Yote mawili yako Bonde la Ufa, na yote mawili hayana mto hata mmoja unaotoka. Lakini maji ya Nakuru ni ya magadi, huwezi kunywesha ng'ombe wala kumwagilia sukuma. Ya Naivasha hayana chumvi. Yana samaki, na mashamba ya maua yanayategemea. Kwa nini?

Sikia hapo. Mito yote hubeba chumvi kidogo kutoka kwenye mawe. Nakuru, maji hupanda kama mvuke, chumvi inabaki. Mwaka baada ya mwaka inabaki. Lakini Naivasha ina mlango wa siri: sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kwenda zake, na chumvi inaenda nayo. Hakuna anayeuona mlango huo kwa macho, lakini ndio unaoliweka ziwa likiwa hai.

Mpendwa, Yesu alisema nini juu ya sadaka? Mkono wa kushoto usijue kazi ya mkono wa kulia. Huo ndio mlango wa siri! Mtu anayepokea tu, baraka hupita kama mvuke, kinachobaki moyoni ni chumvi: kiburi, uchoyo, uchungu wa mtu ambaye hajamsamehe tangu mwaka jana. Anaimba kwaya, anatoa fungu la kumi mbele ya watu, lakini ukimwonja ni magadi.

Mtu ataniambia, "Pastor, mimi nikipata zaidi ndio nitabadilika." Hapana. Ziwa Nakuru limepata zaidi! Tangu karibu mwaka 2010 limepanda, likameza lango kuu la zamani la mbuga na kuingia kwa nyumba za watu Mwariki. Magadi yalipungua makali, flamingo wengi wakahama, lakini bado hayanyweki. Kujaa si kupona.

Najua, hata Naivasha ilifurika, Kihoto wakahama. Mtoaji pia hupatwa na shida. Siwadanganyi hapa kwamba ukitoa hutalia. Nasema hutageuka chumvi ukilia.

Na tusizunguke. Katika ibada zetu kuna familia ambazo nyumba walizojenga kwa jasho ziko majini, na sasa wanalipa kodi mahali pengine. Tumewasalimia mlangoni, "Mungu atafanya njia," tukaenda kula chapati. Huenda njia ambayo Mungu amefanya ni wewe.

Wiki hii fanya mambo mawili. Chagua nyumba moja, upeleke unga, au karo, au kodi ya mwezi, bila picha na bila kutangaza kwenye grupu. Pili, mpigie simu yule mtu unayemjua, mmalize maneno.

Tuombe: Bwana, tumekuomba mvua, umetupa. Sasa fungua chini yetu ule mlango usioonekana na watu, ili tusiwe chumvi mbele zako. Katika jina la Yesu, Amina.