Jino Halijaiona Video

Je, picha inaweza kusema uongo kuhusu jambo ambalo bado halijatokea? Swali hili limenikaa kichwani tangu nianze kusoma kuhusu vile vifuniko vya plastiki angavu vya kunyoosha meno.

Utaratibu wake unajulikana. Kinywa kinapigwa skani, kisha mgonjwa anaonyeshwa video ya meno yake mwenyewe yakisogea: la mbele linarudi ndani, la chonge linazunguka, mwanya unazibika. (Kwa nini tuzibe mwanya, ambao kwetu umesifiwa miaka yote kuwa ni urembo, hilo ni ugomvi wa siku nyingine.) Kazi hiyo hugawanywa katika mfululizo wa vifuniko, kila kimoja kikisukuma jino kwa takriban robo milimita, mradi uvivae saa 20 hadi 22 kwa siku.

Na meno hufika? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulilinganisha mahali kompyuta ilipotabiri na mahali meno yalipofika kwa wagonjwa 37 wa Invisalign, meno 401 ya mbele. Usahihi wa wastani ulikuwa asilimia 41. Kulivuta jino litokeze zaidi nje ya fizi kulifanya vibaya kuliko yote: chini ya asilimia 30. Utafiti wa 2020, baada ya plastiki na programu kuboreshwa, ulipata wastani wa asilimia 50.

Tusizisome takwimu hizi vibaya. Hazisemi kwamba nusu ya wagonjwa walitoka na meno ya kutisha. Wengi hutabasamu kwa furaha, na pengo likibaki hutengenezwa seti nyingine ya vifuniko. Tena jino si msumari kwenye ubao. Likisukumwa, mfupa huliwa upande mmoja na kujengwa upande wa pili, na miili haifanani. Jino la chonge nalo ni la mviringo. Plastiki huteleza juu yake, ndiyo maana daktari hugandisha vinundu vidogo ili kifuniko kipate pa kushika. Kushindwa na mwili si kosa la kimaadili.

Kinachonisumbua ni kwamba madaktari wazoefu wanalijua hili na wanalipangia. Daktari akitaka jino lizunguke digrii 10, anaweza kuiagiza kompyuta digrii 15, akijua plastiki haitazifikisha zote. Ni ufundi mzuri. Lakini hapo ile video inakuwa na kazi mbili: kwa kiwanda ni maagizo, kwa mgonjwa ni ahadi. Anayeagiza haamini kwamba jino litafika pale, anayelipa anaamini.

Fundi cherehani akiniambia njoo Jumamosi, naelewa ni Jumanne. Namjua, naiona milima ya vitambaa nyuma yake, na sauti yake yenyewe ina “labda” ndani. Video haina labda. Haijui -nge-, haijui inshallah. Inajua -ta- tu. Kwa hiyo msikilizaji hana pa kuanzia kupunguza, na ndiyo maana kwangu ukimya wa daktari mbele ya video ni mzito kuliko uwongo wa fundi.

Halafu kuna suala la lawama. Jino lisipofika, swali la kwanza ni: ulivivaa saa zote? Ni swali halali, kwa kuwa wapo wasiovivaa. Ila mgonjwa ambaye hakuambiwa kwamba hata anayevivaa vizuri huenda asifike, atajitafutia kosa mwenyewe. Ataikumbuka ile harusi aliyovivua jioni nzima.

Nilipofika zamu yangu nilimuuliza daktari, “Hili la chonge, wewe mwenyewe unaamini litafika hapo?”

“Hapo hasa, hapana,” akasema, bila kusita. “Tutahitaji seti ya pili.”

“Basi naomba uliandike kwenye fomu kabla sijasaini.”

Akachukua kalamu. Akaitazama fomu, yenye nafasi ya jina, tarehe na saini. Akaigeuza upande wa pili, akaanza kuandika pale palipokuwa patupu.