Ukuta Wako Ni Ukuta wa Jirani

Ndugu yangu wa Mji Mkongwe, kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji, kabla fundi hajaegemeza ngazi, nenda ukapige hodi kwa jirani. Mwambie unataka kufanya nini. Mwonyeshe karatasi ya kibali. Kama karatasi huna, huna la kumwambia, na nyundo iweke chini.

Nasema nawe wa Kiponda, nawe wa Malindi, wa Shangani, wa Mkunazini, wa Vuga na wa Hurumzi. Nasema na mwenye nyumba na mpangaji wa wakfu. Nasema na mjukuu aliyeko Muscat au London, anayetuma pesa za kutengeneza nyumba ya babu bila kuuliza inatengenezwaje. Tumezoea kuziona kanuni za uhifadhi kuwa ni mambo ya watalii, zimetungwa ili mgeni apate pa kupigia picha. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Sheria na mpango wa uhifadhi vikapatikana mwaka 1994. Mwaka 2000 UNESCO wakautia mji wetu katika Urithi wa Dunia. Na mpaka leo mtu akiulizwa kibali kiko wapi, hukunja uso: "Kwani nyumba si yangu?"

Nyumba ni yako, hakuna anayekataa. Ukuta ndio si wako peke yako.

Hebu tuzitazame nyumba hizi zilivyosimama. Mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo, na juu yake boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti ya mkoko haivuki mbali, mita tatu hivi, ikizidi hapo hupinda. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, hata katika jumba la tajiri mwenye mashamba ya karafuu: utajiri wake wote haukumwezesha kuurefusha mkoko. Vichwa vya boriti vimezama ndani ya ukuta, na ukuta huo mara nyingi upande wa pili umebeba boriti za mtu mwingine. Wewe unalala huku, yeye analala kule, na jiwe ni moja. Mtaa mzima umeegemeana hivyo, kutoka kichochoro hadi kichochoro.

Sasa anakuja bwana mwenye pesa, anataka chumba kikubwa cha kulia wageni. Anavunja ukuta wa kati. Anasema ni ukuta wa ndani tu, nje hapaonekani kitu, Mamlaka watajuaje? Ewe bwana, ukuta huo ndio uliopokea boriti za chumba cha juu, na juu ya boriti pamelala mawe na chokaa iliyoshindiliwa. Umeondoa mguu wa kitanda watu wakiwa wamelala. Kanuni inayokukataza kugusa kuta za ndani bila kibali haikutungwa kwa ajili ya picha. Imetungwa kwa ajili ya bibi wa ghorofa ya pili, ambaye hajui hata kwamba umeanza kazi, isipokuwa ameona vumbi kwenye kikombe chake cha chai.

Na saruji! Juu ya saruji sitanyamaza. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, tumeisema mpaka imechakaa. Basi tatizo letu Mji Mkongwe ni kwamba nyufa tunaziba, tena kwa haraka, ila tunaziba kwa kitu kinachoua ukuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa hulowa wakati wa masika, kisha jua likitoka unyevu hupenya kwenye chokaa ukatoka. Ukishaupiga lipu ya saruji umeufunga. Maji yaliyoingia kwa juu, au yaliyopanda kutoka chini, hayana tena pa kutokea. Yanabaki ndani, yanatembea na chumvi, yanaifanya chokaa ya zamani kuwa unga, na yanaviozesha vichwa vya boriti pale pale vilipozama, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa nje, nyumba inang'aa. Mwenyewe anajisifu: nimetengeneza!

Usiniamini mimi. Nenda kwenye ukuta uliopigwa saruji miaka kadhaa iliyopita, uugonge kwa kifundo cha kidole. Anzia chini, karibu na sakafu, panda taratibu. Pale palipo pazima utasikia jiwe. Pale sauti inapogeuka, ikawa kama unagonga debe, lipu imekwisha kuachana na ukuta, na nyuma yake hakuna kinachoshika. Ukiibandua, mchanga unamwagika wenyewe. Tazama pia ule weupe wa chumvi kwenye kona ya bafu. Huo hautibiwi kwa rangi ya mafuta, wallahi, hata ukipaka mara kumi.

Kanuni inakutaka utumie chokaa. Unasema chokaa ni ghali, inachelewa kukauka, mafundi wake wamebaki wachache. Ni kweli, na sina jibu jepesi. Chokaa inataka kuzimwa na kulala kwenye maji muda mrefu kabla ya kutumika, na fundi anayepaka koti moja leo, akasubiri, akapaka jingine, si fundi wa kumaliza kazi kwa siku mbili. Lakini hesabu ya bei tunaifanya vibaya. Tunahesabu mifuko, hatuhesabu ukuta wa jirani. Huyo jirani ana haki juu yako ambayo umefundishwa tangu chuoni, ukiwa bado unasoma kwa kuimba. Haki hiyo haiishii kwenye kumpelekea sahani ya futari.

Kuna wengine dhambi yao iko juu ya paa. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Tani moja, juu ya boriti za mkoko zilizowekwa na watu ambao maji yao yalichotwa kisimani! Halafu bomba linavuja kidogo kidogo, na mwenye nyumba anaweka ndoo chini yake badala ya kumwita fundi. Huku mfereji wa paa umeziba majani, na ule mmea mdogo uliochipua kwenye ufa unaonekana mzuri, wa kijani. Mizizi yake inasukuma mawe usiku na mchana, na haiombi kibali.

Na wale wanaofanya kazi usiku, au siku za sikukuu ofisi zikiwa zimefungwa, ili mkaguzi akija akute jambo limekwisha: mmemkimbia mkaguzi, sawa. Jirani mliyemwamsha kwa nyundo mmemkimbia vipi?

Beit al-Ajaib tumeiona sote. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga ikulu ya pembeni yake, vita visivyotimiza saa moja, na mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika, jumba lenyewe likabaki limesimama. Lililoshinda mizinga halikushinda miaka ya kungojea. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Likafungwa, likasubiri. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Walikwenda kutafuta riziki. Tulilia kwa ajili ya jumba, na haki yake lililiwe, lakini mtu akiniuliza kanuni za uhifadhi ni za nini, mimi huwataja wawili hao kwanza.

Wakubwa nao wasikie. Pale Mambo Msiige, Shangani, jengo jipya la hoteli lilipoongezwa, ubishi ulifika hadi kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia. Mwenye duka la Mkunazini alikuwa anatazama. Ukimkataza yeye asibadilishe dirisha moja, atakuuliza kuhusu kule pwani, na utakosa la kumjibu. Ofisi inayotoa vibali itoe kwa wakati, na ikatae kwa sababu iliyoandikwa. Na wanaosimamia nyumba za serikali na za wakfu waanze na paa zao wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilibadili mikono, zikagawanywa chumba kwa chumba, kodi ikawa ndogo hata isitoshe kununua gunia la chokaa, na kila mmoja akawa anamngojea mwenzake. Mpangaji anasema ya serikali. Serikali inasema mpangaji ndiye anayekaa. Mvua inaingia humo humo katikati.

Maskini usidhani nimekusahau. Huna pesa ya boriti mpya, na hakuna anayekudai. Lakini kupanda darini na ufagio hakuhitaji mkopo. Kabla masika hayajaingia, zibua mfereji, ng'oa huo mmea ungali mchanga, hamisha tangi liwe juu ya ukuta mnene wala si katikati ya chumba, na usilijaze. Ukiona boriti imepinda au lipu imevimba, mwambie sheha, kisha nenda Mamlaka, uwaambie waje watazame kabla hujagusa. Wakichelewa, rudi tena. Na siku watakapokuja, mwite na jirani, aingie ndani kwako, auone ukuta wake kwa upande ambao hajawahi kuuona.