Mgeni, Mwenyeji na Kisima

Mhandisi au msanifu majengo atokaye nchi ya mbali kuja kuwachorea maskini kisima, shule au zahanati bila ya kudai ujira, anadaiwa nini na watu hao? Wengi hujibu upesi kwamba hadaiwi kitu, kwa kuwa ametoa bure. Jibu hilo hatuna budi kulipima.

Tuitazame nchi ya Makonde, tangu Chiwata hadi Newala. Udongo wa uwanda ule wa juu ni wa kichanga. Mvua inyeshapo huzama chini sana, na maji hutokeza katika chemchemi za mabondeni. Hata hivyo watu walichagua kukaa juu. Masimulizi ya asili ya Wamakonde, ambayo Mjerumani Karl Weule aliyaandika baada ya safari yake ya mwaka 1906, husema kwamba mabonde huleta maradhi na vifo vya watoto. Basi kukaa mbali na maji hakukuwa ujinga. Kulikuwa na hoja yake, na gharama ya hoja hiyo ilibebwa vichwani mwa wanawake.

Katika miaka ya 1950 iliwekwa mitambo ya kupandisha maji uwandani. Mwaka 1971 Serikali ilijiwekea lengo la kuwafikishia maji wananchi wote wa vijijini ifikapo 1991. Na kuanzia 1972 Ufini ilisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi kwa fedha, wataalamu na pampu za mkono. Wataalamu wale walilipwa na nchi yao, lakini machoni pa mwanakijiji kazi yao ilikuwa zawadi, sawa na ya mhandisi wa kujitolea. Lengo la 1991 halikutimia nchini. Mtambo hutaka mafuta kila siku. Pampu hutaka kipuri na mtu ajuaye kukifunga. Mambo hayo hayamalizwi na ramani, iwe nzuri namna gani.

Afanyaye kazi kwa mshahara huulizwa na anayemlipa. Ajitoleaye ataulizwa na nani? Mpokeaji huona haya kuitia kasoro zawadi. Mama ajuaye ni mwezi gani chemchemi hukauka husema ahsante, akanyamaza. Hivyo wema usipoangaliwa humnyima maskini hata ile haki ndogo aliyo nayo mnunuzi, yaani haki ya kukataa.

Pengine mtu atasema kwamba mwanakijiji hawezi kumhukumu mhandisi. Ni kweli hajui hesabu za mabomba. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo mtaalamu wa kujitolea anadaiwa yote anayodaiwa mwenye mshahara, na zaidi: aulize kabla ya kuchora, afundishe kabla ya kuondoka, na akubali kukataliwa.

Wenyeji nao wana deni lao. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi iwapo, kwa adabu, amemficha mgeni mahali panapomuuma? Kumweleza mgeni ukweli si utovu wa shukrani. Ni sehemu ya ukarimu, na pasipo hiyo kisima hubaki mali ya aliyekichimba hata baada ya yeye kurudi kwao.