Je, Huruma kwa Mnyama Huwapunja Watu?



Kiangazi kinapokuwa kikali hapa Tumati, hata salamu huwa fupi. Mahindi ghalani yamepungua, maji yanafuatwa mbali, na kila nyumba inahesabu debe lake. Katika kiangazi cha namna hiyo punda mmoja aliachwa njiani na mwenyewe, mgongo umejaa vidonda vya mizigo. Vijana watatu wa kanisa letu walimchukua, wakajenga zizi dogo la miti, wakawa wanamkatia majani na kumwosha vidonda kwa maji ya chumvi. Baada ya majuma mawili wakaongezeka mbuzi kilema na mbwa wawili wasio na kwao. Vijana hao hawakulipwa na mtu.

Ndipo mtu mmoja akawaambia mbele ya watu: "Watoto wanalala na njaa, nanyi mnauguza punda?" Wakanyamaza. Ndugu zangu, mtu huyo nilikuwa mimi.

Swali lenyewe si la kipumbavu. Kukiwa na kibuyu kimoja cha maji, mtoto hunywa kwanza. Bwana wetu alifundisha kwamba mtu ana thamani kupita shomoro wengi. Lakini papo hapo alifundisha kwamba hata shomoro mmoja hasahauliwi na Baba. Naye Mungu alipomweleza Yona kwa nini auhurumie mji wa Ninawi, alitaja watu wake, kisha akataja na mifugo.

Nilipofika nyumbani nilijiuliza: je, mimi nimempelekea mtoto gani uji? Sikumpata hata mmoja. Vijana wale walikata majani yasiyoliwa na mtu, kwa jasho lao wenyewe. Punda hakumnyang'anya mtoto kitu. Mimi ndiye niliyemfanya mtoto mwenye njaa kuwa ngao, ili nisiguswe na punda.

Hapo ndipo kosa letu lilipo. Twadhani huruma ni kama debe la mahindi, kwamba ukimpimia huyu, yule atakosa. La hasha. Tarehe 16 Juni 1824, mjini London, kasisi wa Kianglikana aitwaye Arthur Broome aliwakusanya watu kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Broome aliacha kazi ya parokia ili akitumikie, na mwaka 1826 alifungwa gerezani kwa sababu ya madeni ya chama hicho. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo William Wilberforce, yule yule aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Sisi tunaolijua Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, tunajua uzito wa vita hiyo. Kumhurumia farasi aliyepigwa hakukumsahaulisha mtumwa. Moyo uliozoea kusikia kilio kimoja ulikisikia na kingine.

Wazee wetu Wairaqw walilala nyumba moja na mifugo yao. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba mnyama husikia baridi na maumivu. Leo tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini sheria haikati majani.

Punda yule hakupona. Alikufa kabla ya mvua, na kijana mmoja alikuwa karibu naye amemshika shingo. Je, kazi yao ilipotea? Nadhani hapana. Kiumbe aliyetubebea mizigo mpaka ngozi ikachubuka hakustahili kufa peke yake njiani.

Kesho yake nilikwenda zizini na mundu. Mbuzi na mbwa walikuwa bado wapo. Vijana hawakunikumbusha maneno yangu. Walinionyesha tu mahali penye majani. Jioni, nikirudi, nilipitia kwa jirani mwenye watoto wengi nikiwa na kibaba cha unga. Njia ilikuwa ile ile.