Je, Ile Ilikuwa Tasbihi ya Mbingu?



Ndugu zangu, muhula uliopita, katika darsa ya baada ya Maghrib, niliwasikilizisha wenzangu sauti iliyonaswa na vyombo vya anga za juu. Inalia kama ndege wa alfajiri. Nikasema, "Hii ndiyo tasbihi ya mbingu, sayansi imethibitisha!" Takbira zikajaa msikiti. Tulipotoka, ndugu mmoja anayesoma fizikia akaniuliza kwa upole, "Sheikh, na ikizimika?"

Akanieleza. Ile si sauti. Ni mawimbi ya redio ya asili, yanayozaliwa makumi ya maelfu ya kilomita juu yetu, katika uga wa sumaku wa dunia. Hutetema mara mia kadhaa hadi elfu kadhaa kwa sekunde, ndiyo maana yakipitishwa kwenye spika tunayasikia. Lakini njiani hukutana na elektroni. Zile zenye kasi pungufu kidogo kuliko ya wimbi husukumwa nalo na kuchukua nishati yake. Zilizolizidi kidogo hulirudishia. Kwa kuwa za polepole ni nyingi zaidi, wimbi hupoteza kuliko linavyopata, likafifia. Lev Landau alieleza kanuni hii mwaka 1946. Upande wa usiku, ambako elektroni hizo ni nyingi, mawimbi hufa mapema. Upande wa mchana hufika mbali zaidi.

Basi kama wimbi ndilo tasbihi, je, elektroni huikata dhikri ya mbingu? Hasha! Suratul Israa, aya ya 44, inatufundisha kwamba kila kitu humsabihi Mola, ila sisi hatuifahamu tasbihi hiyo. Elektroni inayolizima wimbi nayo imo katika "kila kitu". Mimi nilichukua jambo la ghaibu nikalifunga kwenye spika.

Utasema nia ilikuwa njema na imani za watu zilipanda. Ni kweli. Lakini imani niliyoiegemeza kwenye rekodi itaanguka siku rekodi itakapoelezwa vingine, na lawama itakwenda kwa Qur'ani, si kwangu. Sura hiyohiyo, aya nane kabla, inatukataza kufuata tusichokuwa na ujuzi nacho. Nilikuwa nimeihifadhi.

Wiki iliyofuata nilisimama palepale nikajisahihisha. Safari hii hakukuwa na takbira. Ndugu yule wa fizikia alinishika mkono tu, tukaenda kuswali Isha.

Wallahu a'lam.